Sisilia ya Kasparov au Berlin ya Kramnik: ukipigwa e4 ujibu nini?

Kila anayeanza kucheza chesi kwa kumaanisha lazima afike kwenye hili swali. Umepewa nyeusi, jamaa wa upande wa pili kasukuma askari wake mpaka e4 (herufi ni mstari wa wima wa ubao, namba ni safu), sasa wewe unafanyaje? Majibu yako mengi, kuna Kifaransa, kuna Caro-Kann, kuna wale wa Skandinavia, ila leo naweka mezani mawili tu, Sisilia (unajibu c5) na Berlin (unajibu e5, halafu askofu wa nyeupe akija b5 unatoa farasi f6), manake haya mawili yamewahi kusimama katikati ya mechi za ubingwa wa dunia na yakafanya kazi kwa njia ambazo hazifanani hata kidogo. Na naona watu wengi wanachagua kwa kusikia tu, mara "Sisilia ni ya kushambulia", mara "Berlin ni ya watafuta sare", wanaibeba hivohivo halafu wanakaa mwaka mzima na ufunguzi usiowaingia.

Tuanze na Sisilia, na tuanzie Moscow 1985.

Karpov ni bingwa, Kasparov ana miaka 22 anautaka ubingwa. Tarehe 9 Novemba inachezwa gemu ya 24, ya mwisho kabisa, Kasparov ana pointi 12 na Karpov ana 11. Kanuni ilikuwa wakimaliza 12 kwa 12 bingwa anabaki na taji lake, kwa hiyo Karpov lazima ashinde, Kasparov sare tu inamtosha. Karpov anafungua na e4. Sasa hebu jiulize wewe ungefanya nini, unahitaji sare moja tu uwe bingwa wa dunia, si ungetafuta kitu kigumu kigumu ujifungie ndani? Kasparov akajibu c5. Sisilia, tena akaingia kwenye ule mpangilio wa Scheveningen, askari d6 na e6 wamekaa kama uzio mdogo, kete zote nyuma yake, na nyeupe anaachiwa nafasi yote ya mbele aje ashambulie akitaka.

Na Karpov akaja kweli. f4, g4, g5, ngome ikahamia h3, malkia f2, mtu akiiangalia ile nafasi haraka anasema nyeusi amekwisha. Ila Kasparov alikuwa anafanya kitu cha ajabu kidogo, ngome zake mbili akazipanga e7 na e8, nyuma ya askari wake mwenyewe wa e6, sehemu ambayo haionekani ina maana yoyote, mpaka muvu ya 25 aliposukuma f5 ndo unaelewa zile ngome zilikuwa zinasubiri nini. Karpov akala askari wa b6. Muvu ya 29 farasi wa Kasparov akaruka h5 kuigonga ngome ya g3, ngome ikaenda g4, farasi akarudi f6 akaigonga tena. Hapo Karpov angeirudisha g3 wakarudia nafasi ileile mpaka sare, ila sare kwake ilikuwa ni kuvua taji, so akaipeleka h4, na muvu iliyofuata Kasparov akasukuma g5 na kila kitu kikafunguka. Muvu ya 42 farasi akatua d4 na cheki, Karpov akasalimu amri, 13 kwa 11, dunia ikapata bingwa mdogo kuliko wote waliomtangulia.

Mimi hii gemu naipenda kuliko hata ile ya 16 ya mechi hiyohiyo ambayo ndo watu wengi wanaisifia. Ya 16 nayo ni Sisilia, Kasparov alitoa askari muvu ya 8 kwa kusukuma d5, na muvu ya 16 farasi wake akaingia d3 katikati kabisa ya kambi ya Karpov akakaa pale mpaka muvu ya 34, farasi wa Karpov mmoja yuko b1 mwingine a4 na wote hawana pa kwenda, hadi Karpov akalazimika kumtoa malkia ili amwondoe yule farasi. Ni gemu nzuri sana, sikatai. Lakini ukitaka kuchagua ufunguzi wa kuishi nao usichague kwa sababu ya gemu ya 16, kwa sababu ile kamari ya d5 haikukaa hata mwaka, 1986 Karpov huyohuyo alikaa na van der Wiel kule Brussels akaonyesha kwamba nyeupe akimpeleka askofu e3 muvu ya 12 mambo ya nyeusi yanakuwa mabaya. Na hapo ndipo gharama ya kwanza ya Sisilia ilipo. Mistari yake inazeeka. Unaikariri leo, kesho mtu anakuja na muvu moja mpya na muvu zako kumi na tano zote za kichwani hazina kazi tena.

Sasa Berlin.

London, 8 Oktoba 2000. Kasparov amekuwa bingwa miaka 15, reitingi yake (namba inayopima nguvu ya mchezaji) iko 2849, hakuna aliye karibu naye. Anakaa na Kramnik wa miaka 25, mechi ya gemu 16. Gemu ya kwanza Kasparov ana nyeupe, e4. Kramnik e5. Farasi f3, farasi c6, askofu b5, huo ni ufunguzi wa Kihispania wa siku zote, dunia nzima inasubiri nyeusi acheze a6, Kramnik akatoa farasi f6. Nyeupe anamficha mfalme pembeni, farasi wa nyeusi anakula e4, d4, farasi anarudi d6, askofu anakula c6, askari wa d anakula, askari wa nyeupe anakula e5, farasi anakwenda f5, malkia anakula malkia pale d8 na mfalme wa nyeusi anamla. Muvu nane tu na malkia wote wawili wako nje ya ubao.

Iangalie hiyo nafasi kwa macho ya kawaida na nyeusi anaonekana kaonewa. Mfalme wake kasimama d8 na hawezi tena kujificha na ngome. Askari wake wawili wamepangana kwenye mstari wa c. Nyeupe ana askari wanne kwa watatu upande wa mfalme, na ukitoa kete zote ukabaki na askari na wafalme tu basi nyeupe kwa kawaida anashinda hiyo hesabu. Basi nyeusi anapata nini? Anapata maaskofu wawili, anapata kambi isiyo na tundu la maana, na mfalme ambaye malkia wakishatoka si wa kufichwa tena, anafanya kazi. Na zaidi ya yote, kwa Kramnik, alipata kumnyang'anya Kasparov kitu anachokipenda kuliko vyote, yaani nafasi iliyojaa kete ambapo anakimbiza na wewe unakimbia. Gemu ya kwanza iliisha sare muvu ya 25. Kasparov akajaribu tena gemu ya 3, ya 9, ya 13, Berlin zote nne, sare zote nne. Katikati akajaribu hata kufungua kwa c4, nako hakupata kitu. Kramnik akashinda gemu mbili zake za nyeupe, ya 2 na ya 10, mechi ikaisha 8.5 kwa 6.5, na Kasparov hakushinda hata gemu moja. Bingwa kupoteza taji bila kushinda gemu hata moja, kabla ya hapo ilikuwa Lasker mbele ya Capablanca mwaka 1921.

Sasa weka hizi mbili pamoja uone kitu ambacho watu wanakiruka. Yule aliyehitaji sare tu 1985 alichagua ufunguzi unaoitwa wa kushambulia. Kwa hiyo haya majina ya "wa sare" na "wa ushindi" hayakusaidii sana kuchagua. Kasparov alichagua Sisilia siku ile kwa sababu ule uzio wa d6 na e6 alikuwa anaujua kila kona, anajua ngome inakaa wapi, anajua f5 inasukumwa lini, Karpov ndo alikuwa mgeni mle ndani akiwa analazimishwa kushinda. Kramnik alichagua Berlin kwa sababu yeye mwisho wa mchezo, kete zikishapungua ubaoni, ni nyumbani kwake, na Kasparov pale ndo alikuwa mgeni. Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi angalia London 2018, Caruana aliyekuwa anautaka ubingwa alifungua e4 gemu zake zote sita za nyeupe za muda mrefu, bingwa Carlsen akajibu Sisilia zote sita, na zote zikaisha sare. Halafu rudi Sochi 2014, gemu ya 11, Anand ana nyeusi anacheza Berlin, akafika mahali akatoa ngome yake kwa askofu ili apate nafasi ya kushinda, Carlsen akamtuliza akashinda, na mechi ikafungwa hapohapo 6.5 kwa 4.5. Berlin iliyopasuka na Sisilia iliyolala, zote kwenye ubingwa wa dunia.

Basi nikulinganishie kwa mambo yanayokuhusu wewe na mimi, sisi tusio na timu ya wasaidizi na kompyuta kubwa.

Kusoma. Hapa Sisilia ni ghali, tena sana. Ukisema c5 bado hujachagua kitu, ndani kuna Najdorf, Dragoni, Sveshnikov, Taimanov, Scheveningen, na kila moja ni dunia yake. Na hata mpangilio wa muvu una maana, ile Scheveningen ya gemu ya 24 Kasparov hakuanza na e6, alianza na a6 kwanza halafu ndo e6, kwa sababu ukiwahi e6 nyeupe anaweza kukusukumia g4 muvu ya 6 moja kwa moja, shambulio la Keres, na 1984 kwenye gemu ya kwanza ya mechi yao iliyotangulia Karpov alikuwa ameshamchezea hilo. Yaani muvu mbili zilezile ukizigeuza mpangilio unaingia shida nyingine. Na hata wenyewe wakubwa wanaumia, Fischer 1972 kule Reykjavik kwenye mechi ya ubingwa na Spassky, gemu ya 11 alicheza Najdorf yake aliyoipenda, malkia wake akaenda kula askari wa b2 mwenye sumu, Spassky akamrudisha farasi nyumbani b1, malkia akaja akazingirwa mpaka akapotea, muvu 31 Fischer akasalimu. Kama Fischer anaweza kuzingirwa malkia kwenye mstari wake mwenyewe basi wewe usiingie huko kwa kukariri video moja.

Berlin muvu za kukariri ni chache, zile nane nilizozitaja na matawi machache. Ila watu wanadanganyika hapo, wanadhani muvu chache ni kazi chache. Kazi yake inaanza muvu ya 9. Unatakiwa ujue kwamba farasi wa f5 ni mlinzi wako mkuu, kwamba h5 mara nyingi inasukumwa ili nyeupe asimfukuze yule farasi kwa g4, kwamba mfalme anaweza kwenda c8 kama Kramnik alivyofanya gemu ya kwanza au akarudi e8 akakaa, kwamba usikubali kubadilishana kila kete unayoletewa kwa sababu ukifika kwenye askari watupu umepoteza. Hakuna video ya dakika kumi inayokupa hayo, unayapata kwa kucheza na kuangalia gemu za watu nyingi, taratibu. Mtu anayechoka akiona malkia wametoka asiiguse kabisa.

Jambo la pili na hili naona ndo kubwa kwa wachezaji wa kawaida: je utaipata hiyo nafasi? Maana ufunguzi hauchagui peke yako. Ukiamua Berlin, kwanza nyeupe lazima apeleke askofu b5, na huku kwetu kwenye gemu za simu na za klabu wengi wanapeleka askofu c4, wengine wanasukuma d4 mapema, wengine wanatoa askari kwa gambiti ya mfalme. Halafu hata wale wa b5 wengi siku hizi wanasukuma d3 muvu ya 4 ili wakwepe ile nafasi ya bila malkia. Kwa hiyo "nacheza Berlin" maana yake halisi ni "nacheza e5 na nimejiandaa kwa kila kitu", na mara chache sana utamwona mfalme wako d8. Sisemi hiyo ni hasara, kwa mtu anayejenga mchezo wake e5 inamfundisha mambo ya msingi, kutoa kete haraka, kupigania katikati, kuficha mfalme.

Sisilia nayo vilevile. Unakesha unasoma Najdorf, unakaa mezani, jamaa anasukuma c3 muvu ya 2. Au askofu b5. Au askofu c4 akiwa hajui hata kwa nini. Au anatoa d4 halafu c3 anakupa askari wa bure ili akukimbize. Ile Sisilia ya wazi ya Moscow, nyeupe anaposukuma d4 mkabadilishana askari, unaipata kwa wachezaji wa juu zaidi, huku chini unapata hizi za pembeni, so ukiichagua jipange kusoma c3 na askofu b5 KABLA ya Najdorf, watu wanafanya kinyume.

Kuhusu ushindi. Mashindano yetu mengi ni raundi tano sita saba, na ukitaka kushika nafasi ya maana kuna siku lazima ushinde ukiwa na nyeusi dhidi ya mtu wa chini yako. Hapo Berlin inakubana vibaya, kwa sababu nyeupe akitaka sare anaipata. Muvu ya 6 badala ya kula c6 anakula e5, mnabadilishana kete, malkia wake anaanza kwenda e4 na d4, wako e6 na d6, mnarudia mara tatu mmemaliza, na wala hakuna aliyetoka jasho. Huwezi kumlazimisha acheze. Sisilia haina mlango rahisi namna hiyo, tangu muvu ya kwanza askari wako hawafanani na wake, wewe una askari wawili wa katikati na mstari wa c ulio wazi nusu, yeye ana nafasi na haraka, kila mmoja ana kitu mwenzake hana na lazima mtu ajieleze.

Kinyume chake nacho ni kweli, siku umepangiwa mtu mwenye reitingi 300 juu yako, kwenye Sisilia ana njia ishirini za kukuua kabla ya muvu ya 25, kwenye Berlin lazima akushinde taratibu kwa saa tatu, na wengi hawana huo uvumilivu.

Kwenye blitzi za dakika tatu mimi naona Sisilia ina faida kwa anayeijua na hatari kwa asiyeijua, hakuna katikati. Berlin kwenye blitzi inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, mpinzani anaona malkia wametoka anaanza kucheza harakaharaka, anasukuma f4 na g4 bila kupanga, na maaskofu wako wawili wanakuja kumaliza kazi mbele.

Kwa hiyo ningekushauri hivi. Kama una kazi, una familia, muda wako wa chesi ni jioni na bando lenyewe la mawazo, na reitingi yako bado iko chini ya 1600 hivi, chukua e5 na uiweke Berlin kama jibu lako la askofu b5, utasoma kidogo na kila utakachosoma kitakufaa hata ukihamia ufunguzi mwingine baadaye. Kama wewe ni kijana unacheza kila siku, unapenda kuhesabu, hasira za kupoteza hazikulazi na viatu, chukua Sisilia, ila uingilie Taimanov au Scheveningen ya kuanzia a6, usianze na askari wa sumu wala Dragoni ya kukimbizana, kule muvu moja ukiisahau gemu imeisha. Na kama unacheza mashindano kwa kutafuta nafasi za juu, utahitaji zote mbili, Sisilia kwa siku ya kushinda na e5 kwa siku ya kuzuia, sioni njia nyingine.

Ukishaamua, kwa Sisilia toa ubao, icheze ile gemu ya 24 kwa mkono wako bila injini (programu ya kompyuta ya chesi), ukifika muvu ya 24 simama, uziangalie zile ngome mbili za e7 na e8 mpaka ujue mwenyewe zinafanya nini pale. Kwa Berlin panga ile nafasi ya muvu ya 8, mfalme wako d8, tafuta mtu mcheze kuanzia hapo, gemu moja wewe nyeusi nyingine yeye, bila kubadili ufunguzi, wiki kadhaa. Ukiona bado una hamu ya kuipanga tena baada ya kupigwa, endelea nayo.